Ganda Tupu Haliambukizi: Wacheni Kututisha, na Wacheni Kutunyamazisha

Kuna sauti ya WhatsApp inazunguka kwa magrupu za mtaa. Mimi nimeipata mara tatu: kwa grupu ya ploti, kwa grupu ya kanisa, na kwa ile ya watu niliosoma nao shule ya msingi. Inasema chanjo ya HPV wanayodungwa wasichana wa miaka 10 imewekwa virusi vya kansa, na kwamba lengo ni kuwafanya wawe tasa wakikua. Inaisha kwa kusema tuma kwa kila mzazi unayempenda. Na watu wanatuma, kutoka Umoja hadi Kayole hadi Dandora, wakiwa na nia safi kabisa.

Mimi nasema hivi, na nitasimama hapa hata mkinijazia matusi kwa komenti: hakuna kirusi ndani ya hiyo chanjo. Kuna maganda matupu. Ni maganda ya protini yaliyojiunga yenyewe majini, kwa fizikia ile ile inayofanya mafuta yajikusanye juu ya supu. Ukielewa vile ganda linajijenga, hiyo sauti inakufa papo hapo.

Kwa hivyo leo nina kesi na pande mbili. Upande wa kwanza ni wale wanaosambaza uoga bila kujua wanachosema. Upande wa pili ni wale wanaojua vizuri kabisa, lakini wakija mtaani wanatuletea maneno matatu tu: ni salama, msiogope. Maze, mtu mzima haambiwi asiogope kama mtoto aliyeona jogoo. Mtu mzima anaelezewa.

Kwanza tuseme ni kwa nini hii ishu si ya mchezo. Makadirio ya kimataifa yanasema kansa ya mlango wa kizazi inaua wanawake zaidi ya 3,000 Kenya kila mwaka. Piga hesabu: ni karibu wanawake tisa kwa siku. Matatu ya watu 14 inajaa kila baada ya siku moja na nusu, na haina kurudi. Kwetu ilichukua mama aliyekuwa akiuza sukuma pale kwa geti. Alitokwa na damu miezi mingi akidhani ni mambo ya umri. Alipofika hospitali, ilikuwa imeshasambaa. Tulichanga kwa grupu ya ploti, watu wakatuma mia mia na hamsini hamsini. Aliacha msichana mdogo. Na ile sauti ya kukataza chanjo ilitumwa kwa grupu hiyo hiyo, chini ya orodha ya waliochangia mazishi. Niliisoma hiyo orodha na hiyo sauti kwa skrini moja. Ndiyo maana niko hapa.

Sasa tuingie kwa fizikia. Usitoroke, hakuna kitu hapa kitakushinda.

Kirusi ni kitu cha umaskini mkubwa. Hakina nyumba, hakina jikoni, hakina chochote ila maagizo machache ya kujinakili, na ganda la kuyafunika. Kirusi cha HPV kina maagizo ya karibu herufi 8,000 tu za DNA. Kati ya hizo, karibu 1,500 zinaeleza jinsi ya kutengeneza protini moja inayoitwa L1, ambayo ndiyo tofali la ganda. Ganda zima linahitaji matofali 360. Kama kila tofali lingekuwa na muundo wake tofauti, kirusi kingehitaji herufi 540,000 kwa ajili ya ukuta peke yake. Hakina hizo. Basi kinafanya anachofanya fundi wa Kariobangi Light mwenye kalibu moja: anatoa kipande kile kile mara mia tatu na sitini. Francis Crick na James Watson, wale wa DNA, waliliona hilo mwaka wa 1956, kwamba kirusi kidogo hakina budi kujengwa kwa vipande vinavyofanana.

Lakini vipande vinavyofanana vinafungaje duara? Fikiria ule mpira wa zamani wa ngozi, mweusi na mweupe, wa kuchezewa pale Camp Toyoyo. Una vipande 32. Ishirini ni vyeupe vya pembe sita, kumi na viwili ni vyeusi vya pembe tano. Ukitumia vya pembe sita pekee utapata sakafu, kama kabro. Havikunji kamwe. Ni vile vya pembe tano vinavyolazimisha ngozi ipinde, na hesabu ya Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi wa karne ya 18, inasema ukishona vya tano na vya sita pamoja, lazima vya tano viwe 12 kamili. Si 11, si 13. Mwaka wa 1962 Donald Caspar na Aaron Klug, huyu wa pili akiwa kijana aliyekulia Durban, walionyesha kwamba maganda ya virusi vingi vya mviringo yanafuata hesabu hiyo hiyo. Klug alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka wa 1982.

HPV ina ujeuri wake kidogo. Tofali zake zinajiunga tano tano kwanza, zinakuwa vifurushi 72, halafu vifurushi ndivyo vinajenga ganda. Vifurushi 12 vimezungukwa na majirani watano, na 60 vimezungukwa na majirani sita. Zile 12 za Euler bado ziko palepale. Ganda likiisha lina upana wa nanomita kama 55. Ukipanga maganda hayo upande kwa upande kukatisha unywele mmoja, yataingia zaidi ya elfu moja.

Sasa swali lenyewe: nani anayapanga? Hapa ndipo wale wa sauti ya WhatsApp wanadhani kuna mtu kwa maabara na kijiko anapika kansa. Hakuna anayepanga. Hakuna foreman, hakuna ramani, hakuna injini ya kusukuma.

Enda kwa base ya supu usiku, pale kwa jiko la mutura. Angalia vile vidoa vya mafuta juu ya kikombe. Viwili vikikutana vinaungana, kisha vitatu, hadi viwe kidoa kikubwa. Hakuna aliyeviambia. Maji yanapendana yenyewe kwa yenyewe kuliko yanavyopenda mafuta, kwa hivyo mafuta yanasukumwa pembeni yakae pamoja. Tofali za L1 zina sehemu zenye tabia ya mafuta kwenye kingo zake. Zikiwa peke yake majini, sehemu hizo ziko uchi. Zikigusana na tofali nyingine, zinafichana, na yale maji yaliyokuwa yamebanwa kando yake yanapata uhuru wa kuzunguka. Kiunzi kinazidi kuwa na mpangilio, ilhali maji yanazidi kuwa huru, na jumla ya hesabu inakubali. Chumvi nayo inasaidia, kwa sababu inapunguza ile nguvu ya umeme inayofanya vipande vyenye chaji sawa visukumane.

Halafu kuna jambo ambalo lilinishangaza nilipoanza kusoma hivi vitu: vifungo kati ya vipande ni dhaifu mmoja mmoja, na udhaifu huo ndio unaookoa kazi. Chukua gundi kali ile ya kubandika viatu. Ukikosea kubandika, basi, umekosea milele. Sasa fikiria gundi inayoshika kidogo tu. Kipande kikikaa vibaya, mtikisiko wa joto unakiondoa, kinajaribu tena. Kikikaa vizuri, kinashikwa na majirani wote kwa pamoja, hakitoki. Vipande vinajaribu na kujirekebisha mara nyingi sana, hadi ganda linakaa sawa. Vifungo vikiwa vikali kupita kiasi, unapata maganda yaliyopinda, hayafungi.

Na mwanzo ndio mgumu. Hili mtu wa Eastlands halihitaji kitabu. Mat ikiwa tupu kwa steji, hakuna anayetaka kuingia. Ndiyo maana makanga anaweka watu wachache wakae ndani ionekane inajaa. Ikishafika nusu, watu wanaingia mbio, na dakika mbili imeondoka. Ganda ni hivyo hivyo: vifurushi viwili vitatu vya kwanza vinaungana na kuachana, kuungana na kuachana, hadi pale kiini kinaposhika, halafu vingine vinaingia chapchap. Sasa wacha mat tano zipakie wakati mmoja kwa steji hiyo hiyo. Zote zitakaa nusu, abiria wameisha, hakuna inayotoka. Kwa maganda pia hutokea hivyo. Yakianza mengi mno kwa mpigo, vipande vinaisha na unabaki na nusu nusu. Wanafizikia wanaita huo mtego. Wewe unaujua tangu ulipoanza kupanda mat ya kwenda tao.

Hiyo ndiyo fizikia. Sasa iweke kwa chanjo.

Mwaka wa 1991 Ian Frazer na Jian Zhou, wakifanya kazi Chuo Kikuu cha Queensland kule Australia, walionyesha kwamba protini za ganda la HPV zinaweza kujijenga bila kirusi kuwepo. Mwaka uliofuata, watafiti wa Taasisi ya Kitaifa ya Kansa ya Marekani, wakiwemo John Schiller na Douglas Lowy, walionyesha kwamba L1 peke yake inatosha kujenga ganda, na kwamba ganda hilo linaamsha kinga ya mwili vikali. Chanjo ya kwanza, Gardasil, iliidhinishwa Marekani mwaka wa 2006. Na tofali zake hutengenezwa na nani? Na hamira. Ndiyo, jamii ile ile ya hamira inayofanya mkate na mandazi zifure. Hamira inapewa maagizo ya L1 peke yake, inazitoa kwa wingi, wanazisafisha. Watengenezaji wengine wanatumia seli za wadudu, wengine bakteria. Haijalishi nani amefyatua tofali. Likiwa sawa, ganda linakuja.

Sasa sikia hii, kwa sababu ndiyo inamaliza mjadala kwangu. Wakati wa kutengeneza Gardasil, maganda yanabomolewa makusudi. Wanabadilisha maji na kukata vifungo hadi yawe vipande. Halafu wanarudisha hali ya chumvi, na vipande vinajijenga upya, na maganda yanayotoka ni imara kuliko yale ya kwanza. Kitu kinabomolewa na kujijenga tena ndani ya tangi la kiwanda, bila seli yoyote na bila jeni yoyote ya kukiongoza. Niambie, kansa imejificha wapi hapo?

Tuwe wazi kabisa. HPV inaleta kansa kupitia jeni zake mbili, E6 na E7, ambazo zinavuruga breki za seli hadi seli inagawanyika ovyo. Hizo jeni hamira haikupewa. Hazijawahi kuwa kwa hiyo chungu. Ganda bila maagizo ndani ni kama mat bila injini, bila dereva, imepakwa tu rangi na michoro. Haiwezi kukupeleka mahali. Haiwezi kuzaa mat nyingine.

Na huu uoga wa utasa, hebu tuugeuze tuuangalie nyuma. Kansa yenyewe ndiyo inachukua kizazi. Matibabu yake mara nyingi ni kuondoa kizazi, au kuchomwa mionzi pale pale. Mama anayemkataza bintiye chanjo ili aje azae, anamwacha wazi kwa ugonjwa unaoondoa uzazi. Hiyo inaniuma kuliko matusi yote.

Kitu kingine. Wewe unayesoma hii, kama ulizaliwa Kenya baada ya 2002 hivi na ukapelekwa kliniki, kuna uwezekano mkubwa ulidungwa chanjo ya hepatitisi B ndani ya ile sindano ya magonjwa matano. Ile nayo ni protini ya juu ya kirusi, iliyotengenezwa na hamira, iliyojikusanya yenyewe kuwa vijipira vya protini na mafuta, bila kirusi ndani. Ulikuwa na wiki chache duniani. Sai uko hapa unabishana na mimi kwa simu. Karibu.

Sasa mbona ganda tupu lifanye kazi? Kwa sababu ya mpangilio. Seli zetu wenyewe hazibebi protini zilizopangwa kwa safu ngumu, kila moja ikiwa umbali ule ule na jirani yake. Virusi ndivyo vinavaa hivyo. Seli za kinga zikigusa kitu chenye alama ile ile mara mia tatu, kimepangwa kama vigae, zinajua huyu si wa hapa, na zinaitikia kwa nguvu. Jiometria ile ile inayojenga ganda ndiyo inayolisaliti. Tofali moja moja likielea peke yake halishtui hivyo.

Na ushahidi hatukuletewa kutoka mbali. Ulitoka hapa. Utafiti wa KEN SHE ulifanywa Nairobi, Thika na Kisumu, pamoja na KEMRI, kwa wasichana 2,275 wa miaka 15 hadi 20. Hao ni watu wa rika lako. Walianza kudungwa Desemba 2018, na matokeo yakachapishwa 2022. Katika uchambuzi mkuu, baada ya miezi 18, maambukizi mapya ya aina ya 16 na 18, zile zinazoleta karibu asilimia 70 ya kansa hii, yalikuwa 36 kwa kundi lililopata chanjo nyingine ya kulinganisha. Kwa makundi mawili yaliyopata dozi moja ya chanjo ya HPV, yalikuwa mamoja mamoja. Thelathini na sita, moja, moja. Hiyo ni kinga ya asilimia 97.5. Mwisho wa 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali kwamba dozi moja inaweza kutosha. Wasichana wa Kenya walisaidia kubadilisha sera ya dunia nzima, na kwa ploti yetu bado watu wanasema haijafanyiwa utafiti kwa Waafrika!

Sitawadharau wanaoshuku. Mwaka wa 2014 maaskofu wa Katoliki walipinga kampeni ya chanjo ya pepopunda, na 2019, Kenya ilipozindua chanjo ya HPV kwa wasichana wa miaka 10, chama cha madaktari Wakatoliki kiliipinga pia. Watu waliposikia madaktari wanabishana, walichanganyikiwa, na nani asingechanganyikiwa? Mtaa umeahidiwa vitu vingi ambavyo havikufika. Kuuliza maswali ni haki yetu. Lakini swali likijibiwa, liache lilale. Kuendelea kuliuliza kwa sauti kubwa zaidi ni biashara ya uoga.

Na nisiwauzie miujiza. Mkono utauma. Kuna wasichana wanazimia kidogo wakiona sindano. Ndani ya chupa kuna chumvi ya alumini ya kuamsha kinga, na mwulize muuguzi akueleze. Chanjo haitibu mtu aliyeambukizwa tayari, na haizuii kila aina ya HPV, kwa hivyo mama zetu na dada zetu wakubwa bado wanahitaji kupimwa. Mtu anayekuambia chanjo inamaliza kila kitu naye anakupima akili.

Sasa nyinyi wa upande wa pili: wa wizara, wa redio za asubuhi, wa mabango ya kucheka. Mnajua haya yote. Mnajua kuhusu hamira. Mnajua ganda linabomolewa na kujijenga. Mbona hamsemi? Mnadhani kijana wa Jericho anayehesabu mkeka wa mechi 12 kichwani hawezi kuhesabu vifurushi 72? Mama wa Mutindwa anayejua hamira ikizidi unga unafanya nini, hawezi kuelewa hamira inayotoa protini? Mmetuachia pengo, na pengo likaingiwa na sauti ya WhatsApp. Uongo una stori, una sauti ya mama, una machozi. Nyinyi mna neno moja, salama. Neno moja halishindi stori.

Mimi natuma yangu. Chukua hii, isome, ukate ile sehemu ya mpira au ile ya mat, uiweke kwa grupu ya ploti pale chini ya ile sauti. Usitukane mtu. Mwulize tu aliyetuma: ganda linajijenga aje, na ndani yake kuna nini? Subiri jibu.

Halafu kuna msichana wa miaka 10 kwa ploti yenu. Unamjua, ndiye anakuitia lifti ya maji jioni. Ongea na mathe wake wiki hii, kwa heshima, na kwa muda wa kutosha. Mpeleke kliniki mwenyewe kama mathe yuko kazini na amekubali. Dozi ni ya bure kwa vituo vya serikali. Ile mat ya siku moja na nusu iko kwa steji sai, inajaa. Mtoe huyo mtoto kwa foleni.